Kusoma ekonomi mu muji wa shaba: maneno tulisema Kasomeno

 

Mwenye kusoma ekonomi atoe kalamu. Tuseme kobalti ya dola 100 inatoka mu mugodi. Redevansi ni asilimia 10, kwa hiyo dola 10. Sheria ya madini ya 2018 inagawa vile: dola 5 kwa serikali ya Kinshasa, 2.5 kwa jimbo, 1 ku mfuko wa vizazi vyenye kuja, na 1.5 kwa komini ao usultani kwenye mugodi uko. Ku shaba redevansi ni asilimia 3.5, hapo komini inapata sentimu 52 tu.

Ile dola moja na nusu, nani alishaiona mu silabusi?

Hatulaumu baprofesa. Lakini tunajifunza ofa na demande na bei ya ngano ya Ulaya, wakati nchi yetu njo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Mu Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti inje, sababu bei ilikuwa imeanguka. Mu Oktoba ikaweka kiasi: tani 96,600 kwa mwaka wa 2026. Ofa na demande njo ile! Hata mama wa soko anajua: dola ikipanda kwa bakambisti asubui, unga wa bukari unapanda mbele ya saa sita. Ule mama angeweza kutufundisha somo moja nzima.

Sasa tunaomba kitu moja. Mwenye kuandika memwari mwaka huu, achague komini moja yenye mugodi. Aulize kwa barua: redevansi ya mwaka jana ilikuwa ngapi, ilijenga nini? Muende wawili, mubakie na kopi yenye kashe. Wakikataa kupokea, muandike siku na saa; hiyo pia ni jibu, na inaingia mu memwari. Siye tutaweka majibu yote hapa kwa Kiswahili, ili wazazi wenye walilipa minervali wasome pia, maana memwari nyingi zinalala mu kabati.

Tunaanza na Ruashi, kwenye mugodi uko karibu na nyumba za watu. Siku ya posho, saa tatu ya asubui, tunaandika barua ya kwanza pamoja. Mulete kalamu na kalkulatrisi.