Breki Kwanza, Nguvu Baadaye
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama)



Tumeombwa tuwaeleze habari za gari tulilotengeneza Lodwar. Tutaeleza yote, na aibu yetu pia.

Ninyi mwajua kwamba reli ilifika Kitale mwaka 1926 wala haikuendelea mpaka Turkana. Toka Kitale mpaka Lodwar ni barabara tu, karibu kilometa 300, na toka Lodwar mpaka Kakuma ni kama kilometa 120 zaidi. Mzee wetu mmoja, aliyestaafu karakana, anakaa Kakuma. Ana Suzuki SJ410 kuukuu, na kwa hiyo huchukua unga na sabuni toka Lodwar kupeleka duka lake. Mwaka 2023 sisi watu wanne tulichanga fedha, tukaenda likizo kumsaidia.

Gari hilo lina injini ndogo ya sisi 970 na gia nne. Tukaona lapanda taratibu mno. Tukapata injini ya SJ413, ya sisi 1324, pamoja na giaboksi yake ya gia tano. Mzee akatuambia, "Wanangu, gari hili halijapata kunishinda kwenda. Hunishinda kusimama." Tukamjibu, "Usiwe na wasiwasi, mzee. Breki ni kazi ya siku ya mwisho."

Injini ilikaa vizuri, tukafurahi. Tukapakia mzigo, tukatoka Lodwar asubuhi kwenda Kakuma. Gari likaenda kama mshale. Kwenye mteremko wa kuingia lagha tuliona mbuzi wakivuka, na mtoto mchungaji nyuma yao. Dereva wetu akakanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini. Akarudisha gia, akalitupa gari mchangani. Mtoto alipona. Mbuzi wawili walikufa, tukawalipa wenyewe. Mwenzetu mmoja alivunjika mkono.

Ndugu, kosa lilikuwa letu. Gari lile lilikuwa na breki za drami magurudumu yote manne, na mafuta ya breki yalikuwa ya miaka mingi. Mafuta hayo hunywa maji toka hewani. Breki zikipata moto, maji yale huchemka yakawa mvuke, na pedali haina kitu cha kusukuma. Tena mwendo ukizidi mara mbili, kazi ya breki huzidi mara nne. Sisi tuliongeza mwendo, breki tukaziacha vile vile.

Tukaanza upya, kwa utaratibu huu:

1. Breki. Tulitafuta ekseli za SJ413, ambazo mbele zina diski. Tulichukua zote mbili, ya mbele na ya nyuma, kwani meno ya difu za gari hizi mbili hayalingani. Ukichanganya, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatashindana ukitia gia ya magurudumu manne. Mipira ya breki ikawa mipya, mafuta mapya, hewa yote ikatolewa.

2. Maji. Joto la Lodwar hupita digrii 35 mara nyingi. Tulisafisha rejeta, tukabadili mipira yake na mkanda wa feni. Rejeta ikichemka, usifungue kifuniko mpaka ipoe.

3. Vumbi na mchanga. Kichujio cha hewa hukung'utwa kila safari. Penye mchanga mwingi punguza upepo wa magurudumu, kisha ujaze tena ufikapo barabara ngumu. Lagha likijaa maji, ngoja.

4. Mwisho kabisa, injini.

Sasa twasema na ninyi mlio kazini. Katika reli hakuna treni inayotakiwa kuondoka kabla breki hazijapimwa toka injini mpaka behewa la mwisho. Sisi twaijua sheria hiyo tangu siku ya kwanza, lakini tulipokuwa peke yetu, bila msimamizi, tuliisahau. Basi msitie sahihi yenu kwa breki msiyoipima, hata kama mkubwa anawaharakisha. Akiwalazimisha, leteni habari chamani siku ile ile; hiyo ndiyo kazi ya chama. Na mzee wa kazi akisema neno, msikilizeni kabla ya kucheka.

Mkono wa mwenzetu umepona. Yule mtoto bado anachunga.