Mvuvi wa Mwambani na Mto wa Nairobi

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wakaaji wa mitaa ya upande wa mashariki wa Nairobi. Tunayachapa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)

Nimeombwa niseme nanyi juu ya kuvua samaki kwa mshipi mwambani, kando ya bahari. Bila shaka wako kati yenu wanaojiuliza jambo hilo lina faida gani kwa mtu akaaye Kaloleni, Bahati, Jericho au Shauri Moyo. Samaki tuwalao sisi, wengi wao hutoka Ziwa Victoria: ngege, mbuta na omena, nasi huwanunua Gikomba. Bahari iko mbali, na kazi zetu ziko hapa. Lakini nataka kuwaonyesha leo kwamba bahari haiko mbali kama tudhanivyo, na kwamba mvuvi asimamaye juu ya jabali kule Malindi hupokea kila mwaka vitu vitokavyo milangoni petu. Ili jambo hilo lifahamike vema, yafaa kwanza nieleze siku moja ya uvuvi huo jinsi ilivyo.

Majira yake ni haya. Watu wa pwani hugawanya mwaka kwa pepo. Kuanzia mwezi wa Aprili huvuma kusi, upepo wenye nguvu, na bahari huchafuka. Tangu Desemba hata Machi huvuma kaskazi, na bahari hutulia zaidi. Baina ya pepo hizi mbili yako majira ya upole. Kusi ikianza kulegea, kuanzia mwishoni mwa Agosti hata Novemba, watu husema ni demani. Na wakati upepo unapogeuka huku na huku huitwa maleleji, au tanga mbili. Mimi nilikwenda Malindi katika mwezi wa Oktoba, wakati kusi ilikuwa imechoka na mvua za vuli hazijaanza. Wakati huo mawimbi yangali na nguvu ya kutosha kuwaleta samaki karibu na mwamba, walakini maji ni safi, na mtu aweza kusimama bila kupigwa na upepo.

Katika mji huo iko ncha ya jabali iingiayo baharini, na juu yake imesimama nguzo ya Vasco da Gama, Mreno aliyefika Malindi mwezi wa Aprili 1498. Jabali lenyewe ni matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe. Makali yake hukata kama wembe, na kwa hiyo avuaye hapo hana budi kuvaa viatu. Tena yapasa kuuliza kwanza mahali gani panaruhusiwa. Tangu 1968 sehemu ya bahari ya Malindi imekuwa hifadhi ya taifa, na ndani ya hifadhi hiyo hairuhusiwi kuvua hata samaki mmoja.

Nilikwenda pamoja na mzee mmoja mvuvi, mwenyeji wa mahali hapo. Tulifika jabalini saa nne za asubuhi. Nilitaka kutupa mshipi mara moja, lakini yeye alisimama kimya, akitazama chini.

Nikamwuliza, “Mzee, mbona hatuanzi?”

Akajibu, “Mwanangu, nahesabu.”

Alikuwa akihesabu mawimbi. Mawimbi ya bahari hayafanani, bali huja kwa mafungu. Huja madogo kwa muda mrefu, hata mgeni akadhani bahari imelala. Kisha huja makubwa matatu au manne kwa kufuatana, yakapanda juu ya jiwe lililokuwa kavu. Mzee alinionyesha dalili nyingine. Mahali ambapo jiwe ni jeusi, lenye utelezi wa mwani, ndipo wimbi linapofika. Hapo hapafai kusimama, hata kama pameonekana pakavu kwa nusu saa nzima. Na wakati wote, alisema, mtu asiipe bahari mgongo.

Jambo la pili ni kujua maji yanavyopwa na kujaa. Kila siku bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kwa muda wa dakika 50 hivi kuliko siku iliyotangulia. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hayo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hayajai sana wala hayapwi sana. Hayo huitwa maji mafu. Katika pwani ya Kenya, siku za bamvua maji hupwa kiasi cha saa nne za asubuhi na kujaa kiasi cha saa kumi za alasiri, na tofauti baina ya kujaa na kupwa yaweza kupita mita 3. Fikirini maana yake: mahali aliposimama mtu asubuhi pasipo kulowa, jioni pana maji yapitayo kichwa chake.

Siku yetu ilikuwa ya bamvua. Ndiyo sababu tulifika saa nne: maji yalikuwa yamepwa, na mzee alinionyesha sakafu ya bahari ikiwa wazi. Hapa pana shimo, pale pana mfereji kati ya mawe mawili; mle ndimo samaki watakamopita maji yarudipo. Samaki wa mwambani hufuata maji yanayojaa, kwa sababu mawimbi hubandua kaa wadogo na vijidudu kutoka mawe, na povu huwaficha wale wawindao. Basi mvuvi mwerevu huvua maji yakijaa, huku amekwisha kuijua njia.

Vyombo vyake vilikuwa vichache. Mshipi aliuzungusha juu ya kipande cha mti, ndoana mbili, na chambo cha vipande vya ngisi. Chubwi lake lilikuwa kipande cha chuma, nalo alilifunga kwa uzi mwembamba kuliko mshipi wenyewe. Nilipomwuliza sababu, alieleza kwamba chuma kikinasa kati ya mawe, uzi mwembamba hukatika, na mtu hupoteza chuma peke yake. Mshipi, ndoana na samaki hubaki. Kando yake aliweka mtungi mtupu wa plastiki uliofungwa kamba ndefu. Huo haukuwa wa maji ya kunywa. Ulikuwa wa kumtupia mtu aliyechukuliwa na wimbi. Mtu akianguka, alisema, asishindane na mwamba, maana wimbi litampiga juu yake. Na aogelee kwenda nje, mahali mawimbi yasipovunjika, angoje msaada. Kwa hiyo mtu asivue mwambani peke yake.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu tangu gari la moshi jipya lilipoanza kwenda Mombasa mwaka 2017, wengi katika mitaa yetu huenda pwani na watoto wao siku za sikukuu. Bahari hupendeza macho, lakini mtu wa bara hana budi kumsikiliza mwenyeji.

Tulianza kutupa saa sita, tukavua hata saa tisa na nusu. Tulipata changu wawili. Kisha mshipi wa mzee ukavutwa kwa nguvu hata ukamkata kidole, akatoa kolekole mwenye urefu wa mkono, aking'aa kama fedha. Mimi nilimpata samaki mmoja aliyejivimbisha kama mpira mara alipotoka majini. Mzee alicheka, akamrudisha baharini. Huyo ni bunju, na sumu yake huua mtu hata akipikwa. Basi maji yalipokaribia jiwe jeusi, mzee alikunja mshipi wake, ingawa samaki walikuwa wakila. Hakungoja wimbi limwambie.

Tulipokuwa tukiparua samaki, aliniuliza nimetoka wapi. Nikamjibu kwamba nakaa Nairobi.

“Nairobi naijua,” akasema, “ingawa sijafika. Mvua za vuli zikinyesha, Nairobi huja yenyewe hapa.”

Mabibi na Mabwana, neno hilo la mzee si mzaha. Tazameni njia ya maji yetu. Mto wa Nairobi huanza katika kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu. Huteremka mjini, hupita Gikomba na Shauri Moyo, hupita karibu na jaa kubwa la taka la Dandora, na huko chini hupokea maji ya Mto Mathare na Mto Ngong. Kisha huingia katika Mto Athi. Athi huzunguka Ol Donyo Sabuk, hukata nchi ya Ukambani, huingia katika mbuga ya Tsavo, na huko huitwa Galana. Karibu na pwani jina lake hugeuka tena, likawa Sabaki. Na Sabaki humwaga maji yake baharini kilomita chache tu kaskazini ya mji wa Malindi. Ni mto mmoja wenye majina mengi, nao ni wa pili kwa urefu katika Kenya baada ya Tana. Sisi tukaao zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari tuko karibu na chanzo chake, na yule mzee yuko mwisho wake.

Wakati wa kusi, upepo na mkondo wa bahari husukuma maji ya Sabaki kuelekea kaskazini, mbali na mji. Lakini mvua za vuli zijapo, na kaskazi ianzapo kuvuma, maji hayo husukumwa kusini. Ghuba ya Malindi hugeuka rangi, ikawa nyekundu kama chai ya maziwa. Kolekole, ambaye huwinda kwa macho, huondoka. Matope hutua juu ya matumbawe na kuzuia mwanga wa jua. Na matumbawe ni kiumbe hai. Ndani yake huishi mimea midogo sana ambayo humlisha kwa nguvu ya mwanga, hata mwanga ukipungua hudhoofika. Pasipo matumbawe, changu hukosa makao. Mzee aliniambia kwamba katika miezi hiyo ndoana yake mara nyingi huleta matambara na plastiki.

Sipendi kuzidisha neno. Matope mengi katika mto huo hayatoki mjini, bali hutoka katika mashamba na malisho yaliyopoteza majani yake. Jambo hili lina ushahidi. Matumbawe huongeza tabaka kila mwaka, kama mti uongezavyo duara ndani ya shina lake. Wataalamu walichunguza pande moja la matumbawe ya Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi, na mwaka 2007 wakatangaza waliyoyaona: udongo uletwao na Sabaki uliongezeka sana tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Jiwe la baharini lilikuwa limeandika khabari za mashamba ya bara, mwaka kwa mwaka, wala hakuna aliyejua.

Lakini taka na maji machafu ni fungu letu sisi wa mjini. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Agosti 28, 2017, na hiyo ilikuwa hatua njema. Hata hivyo chupa, vifuniko, nguo kuukuu na mengineyo yangali yakitupwa mitaroni. Katika Aprili na Mei 2024 sote tuliona jinsi mto ulivyofurika ukaingia katika nyumba za watu huko Mathare na kwingineko, na watu wakapoteza maisha. Mtaro ulioziba kwa taka humdhuru kwanza jirani, kisha humdhuru mvuvi asiyetujua. Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Na hapa “wa kwao” ni wengi kuliko tulivyofikiri.

Basi nina maombi matatu. La kwanza, taka zisiwekwe kando ya mtaro wala ukingoni mwa mto, hasa katika mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua za vuli. Kwa maana kilicho kando ya mtaro leo ni cha mto kesho. La pili, majani na miti ya ukingoni mwa mto iachwe imee, maana mizizi yake ndiyo ishikayo udongo. La tatu, kamati za mitaa zisichoke kuwadai wenye mamlaka ya mji wachukue taka kwa wakati. Mwananchi aliyefunga taka zake vizuri ametimiza wajibu wake. Gari lisipokuja kwa wiki tatu, lawama si yake peke yake.

Yule mzee aliondoka jabalini kabla maji hayajalifikia jiwe jeusi. Oktoba ndiyo wakati wetu sisi wa kufanya kama alivyofanya yeye, maana mvua ikisha kuanza, hakuna awezaye kuurudisha mto nyuma.

Aliye na swali na aulize. Na anayetaka kujua siku za bamvua za mwezi ujao kabla hajafunga safari ya pwani, nitamwonyesha jinsi ya kuzihesabu kwa mwezi wa mbinguni.