ARUSI HAINA MARA YA PILI
Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wapiga picha wa Makina, Kibera



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ya kupiga picha za arusi. Kazi hii imewavuta vijana wengi wa Makina, wa Kibera yote na wa Kawangware. Mmoja amenunua kamera iliyokwisha tumika, mwingine ameazima ya rafiki yake, na mwingine hana ila simu yake. Hilo si aibu. Marehemu Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianza kupiga picha angali mwanafunzi, kwa kamera ya bei ndogo. Mwaka 1963 alianzisha shirika lake la Camerapix, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Uhabeshi ziliushtua ulimwengu. Kadhalika kule Unguja, Ranchhod Oza alikuwa kwanza mwanagenzi wa A. C. Gomes, mpiga picha aliyemtangulia, ndipo mwaka 1930 akafungua duka lake mwenyewe, Capital Art Studio. Basi kuanza na kidogo si kosa. Lililo kosa ni kutaka malipo ya fundi kabla ya kujifunza ufundi.

Ukipiga picha ya mlima ikaharibika, kesho utarudi na mlima utaukuta. Arusi haingoji. Bibi mzee aliyeletwa kutoka mbali kumbariki mjukuu wake huenda asionekane tena. Na hapa Makina jambo hili lina uzito wake. Wanubi, ambao babu zao walikuwa askari wa King's African Rifles, wamekaa Kibra tangu mwanzo wa karne ya 20, walakini hati ya ardhi, ya ekari 288, walipewa mwaka 2017 tu. Kwa watu waliokaa miaka mia na zaidi bila karatasi ya kuonyesha kwamba pale ni kwao, picha ya arusi iliyopigwa uani, yenye nyumba, mti na nyuso za wazee, si pambo la ukutani. Ni kumbukumbu ya ukoo. Anayeiharibu amewapunguzia watu urithi wao.

Sasa nitasema juu ya mambo matatu: ufundi, adabu na uaminifu.

Kwanza, ufundi. Nairobi iko karibu na ikweta, na saa sita mchana jua huwa juu ya utosi. Macho ya watu huzama katika vivuli. Wapelekeni maarusi penye kivuli cha ukuta au cha mti, au ngojeni hata saa kumi alasiri. Jihadharini na hema za rangi, kwa maana chini ya hema nyekundu kila uso hugeuka mwekundu. Tena fahamuni kwamba kamera haijui kilicho mbele yake. Ikiona kanzu nyingi nyeupe na shela jeupe, hudhani mwanga umezidi, nayo huupunguza. Ndipo nguo huonekana vizuri na nyuso zetu hupotea gizani. Kwa hiyo pimeni mwanga usoni pa mtu, wala si nguoni. Katika chumba chenye dirisha moja, mwekeni bibi arusi karibu na dirisha, mwanga umjie ubavuni. Na akina mama waliovaa gurbaba wakianza kucheza doluka, wekeni kasi ya kamera isipungue sehemu moja ya 250 ya sekunde, ama sivyo mikono yao itakuwa kama moshi.

Ufundi huo haupatikani kwa kusoma peke yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nendeni kwanza na fundi, mshikieni taa na mizigo, mtazame asimamapo. Piganeni picha wenyewe kwa wenyewe siku za kawaida, mpaka mikono iizoee kamera. Ndipo mchukue arusi ya watu.

Pili, adabu. Siku chache kabla ya arusi, ulizeni mpango wake. Katika nikahi, maneno ya kuoza na ya kukubali ni mafupi sana. Asiyejua wakati wake atakuwa nje akibadili betri. Mwulizeni shehe mahali pa kusimama. Na kanisani mwulizeni padri kama taa ya kamera inaruhusiwa wakati wa viapo. Asiyeuliza hukemewa mbele ya watu.

Adabu iliyo kubwa kuliko zote ni ya chumba cha wanawake. Huko bibi arusi hupakwa hina, na akina mama hukaa bila shela kwa sababu wanajuana na kuaminiana. Picha moja ya huko ikitolewa kwenye simu za watu, mtu amevunjiwa heshima, na pengine nyumba mbili zilizounganishwa jana zitatengana leo. Sheria nayo haikunyamaza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeongeza nguvu. Mwaka 2023 nyumba moja ya starehe mjini Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila idhini yake. Basi pateni idhini kabla ya kuonyesha picha yoyote, hata kama mnataka tu kutangaza kazi yenu.

Kwa sababu hiyo hiyo nawaambia wazazi: wafundisheni binti zenu kazi hii. Chumba ambacho kijana mwanamume hawezi kuingia, msichana mwenye kamera ataingia na kukaribishwa. Kazi ipo, na wenye kuifanya ni wachache.

Tatu, uaminifu. Ahadi ni deni. Andikeni mapatano katika karatasi: malipo, arubuni, idadi ya picha na siku ya kuzitoa. Chukueni kadi mbili za kumbukumbu na betri ya akiba. Usiku ule ule, kabla ya kulala, nakilini picha mahali pawili mbalimbali, wala msifute kadi mpaka wenyewe wamepokea picha zao. Na kama hujawahi kupiga arusi hata moja, sema kweli tangu mwanzo. Wenye arusi ndio watakaoamua kama wakuamini peke yako, au wakuweke chini ya fundi.

Bwana Mwenyekiti, nisiwachoshe wasikilizaji. Kamera hununuliwa dukani. Jina jema halinunuliwi, nalo ndilo litakaloleta arusi ya pili na ya tatu mlangoni pako. Nawatakieni bidii na baraka katika kazi yenu.