Malezi ya Alfajiri: Tumfundishe Mtoto Kujiandaa Mwenyewe

(Mazungumzo na wazazi baada ya Swala ya Magharibi, Micheweni, Pemba)

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema. Amma ba'ad.



Mada yetu ni muda mfupi baina ya adhana ya Alfajiri na kengele ya skuli. Kwa sura ni jambo dogo, lakini ndani yake mtoto hujifunza ama kuibeba amana yake, ama kuwaachia wengine waibebe.

Hali ilivyo majumbani

Tuitazame hali yetu bila ya kujificha. Katika nyumba nyingi mtoto wa kiume huitwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Akiamka, mama humtafutia sare, dada humtilia maji ndooni, na daftari husakwa uvunguni mwa kitanda hali uji unapoa. Mtoto hutoka nyumbani kwa makelele, naye hakufanya lolote isipokuwa kuvaa.

Sasa tujiulize: huyo anayemwita na kumtafutia yuko nyumbani kila siku? Sisi watu wa Micheweni tunajua jibu. Baba yuko dago, hurudi baada ya wiki kadhaa. Mama, bamvua linapoingia, hufuata maji yanapotoka akashughulikia mwani wake, kilimo ambacho tangu mwaka 1989 kimekuwa tegemeo la maelfu ya wanawake wa Unguja na Pemba. Mwengine yuko kwenye mawe anaponda kokoto. Mtoto aliyezoea kusukumwa, siku asiyekuwepo wa kumsukuma hubaki kitandani. Siku moja huwa mbili, mbili huwa wiki, na mwisho wake humkuta pwani wakati wenzake wako darasani.

Utafiti wa bajeti za kaya wa mwaka 2004/05 uliikuta wilaya yetu kuwa ya mwanzo kwa umasikini Zanzibar nzima. Karibu robo tatu ya watu wake walikuwa chini ya kiwango cha mahitaji ya msingi. Hatuna mali ya kuwarithisha watoto wote. Lakini kumfundisha mtoto kuamka, kujisafisha na kujiandaa hakuhitaji mali. Kunahitaji subira ya mzazi.

Mafunzo ya dini yetu

Katika Surat An-Nur, aya ya 58, Allah (S.W.) ameamrisha kwamba hata watoto ambao hawajabaleghe waombe ruhusa ya kuingia kwa wakubwa katika nyakati tatu, na ya kwanza iliyotajwa ni kabla ya Swala ya Alfajiri. Zingatieni: mtoto mdogo amewekewa adabu ya saa ile, na anatarajiwa aijue na aitekeleze. Uislamu haukumwona kuwa ni mzigo wa kubebwa.

Aidha Mtume (S.A.W.) ametuelekeza, katika Hadithi aliyoipokea Abu Daud, tuwaamrishe watoto Swala wakiwa na miaka saba, na ukali usije mpaka wafike miaka kumi. Baina ya saba na kumi ni miaka mitatu. Mwaka wa Hijra una siku 354 hivi, na Swala ni tano kwa siku. Basi mzazi amepewa nafasi zaidi ya elfu tano za kuelekeza kwa maneno mazuri. Nani katika sisi aliyemwelekeza mwanawe hata mara hamsini juu ya kukunja shuka lake kabla ya kuchukua fimbo?

Na tuangalie upole wa mwalimu wetu mkubwa. Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi tangu udogo wake, na ameeleza kuwa hakuwahi kuguniwa, wala kuulizwa kwa lawama kwa nini amefanya hili au ameacha lile. Ibn Khaldun naye, aliyefariki mwaka 808 H, ameeleza katika Muqaddima yake kuwa ukali unamdhuru mwanafunzi, khasa mdogo: humtia uvivu na humfundisha kusema uongo ili aepuke adhabu. Mtoto anayeambiwa kila asubuhi kuwa ni mvivu hatimaye huamini.

Njia ya kufuata

Kwanza, asubuhi huanzia usiku. Mtume (S.A.W.) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Tangu kebo ya umeme kutoka Tanga ilipofika Pemba mwaka 2010, taa zetu zimekuwa na nguvu zaidi, lakini na televisheni pia, na baadaye simu. Mtoto aliyekesha kwenye kioo hawezi kuamka, hata akiitwa na mji mzima. Baada ya Isha sare itundikwe, daftari ziingie mkobani, viatu viwekwe mahali pamoja, na maji ya udhu yawe tayari. Aviweke mtoto mwenyewe. Mzazi aangalie tu.

Pili, kazi igawiwe kwa umri, na izidishwe kidogo kidogo. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilipanga darasa la kwanza lianzwe na mtoto wa miaka 6, yaani mwaka mmoja tu kabla ya umri wa kuamrishwa Swala. Wa miaka sita anaweza kupiga mswaki, kuvaa na kukunja shuka. Wa miaka minane anaweza kupanga mkoba wake na kuosha kikombe alichonywea. Wa miaka kumi na moja anaweza kufua sare yake na kujua siku ya mtihani bila ya kuulizwa. Fundisha jambo moja mpaka lizoeleke, ndipo uongeze la pili. Akikosea kufunga vifungo, mwelekeze afungue afunge tena. Usimfungie wewe kwa sababu ya haraka.

Tatu, tuitumie neema ya mahali petu. Tuko digrii tano tu kusini ya mstari wa ikweta, na kuchomoza kwa jua kwetu hakupishani hata saa moja mwaka mzima. Ndugu zetu walioko London hulipata jua kabla ya saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Juni, na baada ya saa mbili asubuhi mwezi wa Disemba. Sisi adhana ya Alfajiri inatufikia karibu wakati ule ule kila siku. Mtoto akiamka kwa adhana, mwili wake wenyewe utazoea. Na Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kuwa shetani humfunga aliyelala mafundo matatu: moja hufunguka akimtaja Allah, la pili akitawadha, la tatu akiswali, naye hupambazukiwa akiwa mchangamfu. Kuna maandalizi gani ya darasa bora kuliko haya?

Nne, tusimdhulumu mtoto wa kike. Kuna msichana wa miaka kumi anayechota maji, anafagia uwanja, anamvisha mdogo wake na kumfulia kaka aliyemzidi umri, kisha anafika skuli amechelewa na amechoka, akaadhibiwa. Huko si kumfundisha kujitegemea. Ni kumbebesha uzembe wa wengine. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na ikifika Swala akatoka. Imepokewa pia kuwa alishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Ikiwa mbora wa viumbe alishona nguo yake, mwanao wa kiume atapungukiwa na nini akifua shati lake?

Tahadhari

Ndugu zangu, kumfundisha mtoto kujitegemea si kumtupa. Wa darasa la kwanza asiachwe kuvuka barabara ya lami peke yake. Aende na wenzake wakubwa. Asitoke bila ya kutia kitu tumboni, hata kama ni muhogo wa jana. Anayekwenda dago amkabidhi mwanawe kwa jamaa au jirani wa kumtazama, na apige simu kumuuliza, si kumkaripia. Ibnul Qayyim, katika kitabu chake Tuhfatul Mawdud, ameeleza kuwa wengi wa watoto walioharibika, uharibifu wao ulitokana na wazazi waliowapuuza. Kupuuza kuna sura mbili: kumfanyia kila kitu, na kumwacha bila ya mwangalizi.

Wahenga wetu walisema, samaki mkunje angali mbichi. Basi tuanze usiku huu huu. Kila mmoja akifika nyumbani achague jambo moja tu analomfanyia mwanawe ambalo mwana analiweza, amkabidhi kwa upole, kisha avumilie wiki mbili za kuchelewa na kukosea. Mkiona linathibiti, ongezeni la pili.

Tunamuomba Allah (S.W.) awafanye watoto wetu kituliza cha macho yetu, awape elimu yenye manufaa, na atujaalie sisi wazazi subira ya kuwalea. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.