Mashine ya Msasa na Makali ya Zana
Mazungumzo na mafundi na wanunuzi, Ngokolo, Shinyanga



Mashine ya msasa wa mkanda huuzwa kwa ajili ya kulainisha mbao. Fundi huigeuza juu chini na kuibana mezani, na hapo patasi, shoka na panga hupata makali upesi kuliko kwenye kinoo. Hatukatazi, twaomba mjue hatari ilipo.

Imo mfukoni. Mfuko wa vumbi wa mashine hiyo una unga wa mbao, na chuma kikigusa mkanda hutoa cheche ambazo hufyonzwa humo humo. Unga hufuka kimyakimya, nao huweza kuwaka fundi akiwa amekwisha kufunga karakana na kwenda zake. Basi uvueni mfuko, safisheni njia ya vumbi kwa brashi, fagieni maranda, ndipo mnoe. Mashine ya kunolea peke yake ingefaa zaidi, lakini bei yake twaijua.

Mkanda na ukimbie kuyaacha makali, kamwe usiyaelekee, maana utachanika na kuirusha zana. Chovyeni chuma majini mara kwa mara, ndoo ikiwa mbali na waya wa umeme. Kikigeuka buluu, ugumu wake umekwisha kupotea. Vaeni miwani. Glavu za kitambaa ziacheni, hunaswa.

Dukani, someni masharti ya dhamana kabla ya kulipa, kwani matumizi yasiyotajwa humo yaweza kuibatilisha. Na risiti ya EFD msiiache kwa muuzaji.