Kilichoumia ni Nini? Kitenzi "Offend" na Njia Zake za Kuingia Katika Kirusi



Mada yangu inahusu kitenzi kimoja cha Kiingereza, "offend", na kazi inayomkabili mfasiri anapokipeleka katika Kirusi. Maneno ya Kirusi nimeyaandika kwa herufi za Kilatini ili tuyasome pamoja. Hoja yangu ni hii: Kiingereza humruhusu msemaji kueleza kwamba kuna kilichoumia bila kukitaja. Kirusi hakimpi ruhusa hiyo. Kabla ya kuandika chochote, mfasiri sharti ajue kama kilichoumia ni moyo wa mtu, heshima yake, sheria, au macho na masikio tu.

Kitenzi hiki kilianzia katika Kilatini, "offendere", maana yake kujigonga au kujikwaa, kikaingia Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale katika karne ya 14. Picha hiyo ya kujikwaa sisi hatuhitaji kufafanuliwa, kwani anayetuambia "umenikwaza" anaitumia ileile. Tazameni 1 Wakorintho 8:13, Paulo anapozungumzia chakula kinachomwangusha ndugu. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inatumia "offend", na Biblia ya Kiswahili ya Union Version inatumia "kukwaza". Biblia ya Kirusi ya Sinodi, iliyokamilika mwaka 1876, inatumia "soblaznyat", yaani kushawishi mtu atende dhambi. Tatizo ni kwamba msomaji wa leo wa Kirusi akilisikia neno hilo nje ya kanisa, analolifikiria kwanza ni kutongoza. Mfasiri anayekutana na "offend" katika maandiko ya zamani ya Kiingereza asikimbilie maneno ya hisia. Huenda mwandishi hakuzungumzia hisia hata kidogo.

Upande wa sheria njia ni pana na sitakaa hapo sana. Kiingereza kinaposema mtu "amefanya offence", Kirusi kinauliza uzito wake. Jinai ni "prestuplenie", neno lenye maana ya asili ya kuvuka mpaka, na ndilo lililo katika jina la riwaya ya Dostoevsky ya mwaka 1866 tunayoiita Uhalifu na Adhabu. Kosa la barabarani au la kiutawala ni "pravonarushenie", yaani uvunjaji wa sheria. Neno letu "kosa" linabeba mizigo yote hiyo kwa pamoja, kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili yuko karibu na Kiingereza kuliko na Kirusi, na ni rahisi kwake kupitiwa.

Sasa nije kwenye moyo na heshima, mahali ambapo makosa mengi hutokea. Kirusi kina "obidet" na kina "oskorbit". Kamusi nyingi huyaweka yote mawili mbele ya "offend", yakitenganishwa na mkato tu, kana kwamba ni sahani mbili za chakula kilekile. Si hivyo.

"Obidet" ni kumtia mtu "obida". Hayo ni maumivu ya kutendewa isivyo haki na mtu uliyemtarajia akutendee mema. Rafiki amesahau kukualika harusini. Mama amemsifu ndugu yako, wewe akakupita. Hakuna tusi lililotamkwa, wala hakuna la kupeleka mahakamani, lakini kidonda kipo na kinaweza kukaa miaka. Wanaisimu wa Kirusi, Anna Zaliznyak akiwa mmoja wao, wameliandikia sana neno hili, wakiliona kuwa miongoni mwa yale yanayobeba namna ya Warusi ya kuhisi mambo. Kwetu, "kinyongo" kinalikaribia kwa sababu nacho hudumu, lakini kinyongo kina nia ya kulipiza, na obida mara nyingi haina. Inataka mwenzako atambue alichofanya, basi. Tukisema kikulacho ki nguoni mwako, tumeshakaribia mahali obida inakozaliwa. Kitenzi hichohicho ndicho anachotumia mzazi kumwambia mtoto asimwonee mdogo wake, na ndicho kilicho katika msemo wa mtu mpole asiyeweza kumdhuru hata nzi.

"Oskorbit" ni jambo jingine. Asili yake ni "skorb", huzuni nzito, lakini leo maana yake ni kumvunjia mtu heshima kwa neno au kitendo. Aliyekutendea hivyo anaweza kuwa mgeni kabisa. Riwaya ya Dostoevsky ya mwaka 1861 ina neno hili katika jina lake, pamoja na neno la kudhalilishwa. Waitaliano na Wahispania walipoifasiri walitumia ndugu wa Kilatini wa "offend", lakini matoleo ya Kiingereza yanayojulikana zaidi yalichagua "insulted". Nawaunga mkono wafasiri hao wa Kiingereza. "Offended" lingewafanya wahusika hao waonekane watu waliokwazika kidogo tu, ilhali walikanyagwa.

Mtihani mkubwa uko katika ile kauli ya kuomba radhi ambayo wanasiasa na makampuni hupenda kuitoa kwa Kiingereza: wanasikitika iwapo kuna mtu "was offended". Umbo hilo linaficha mtendaji. Kirusi kina njia tatu za kulibeba, na kila moja ina hukumu yake. Ukiandika "byl oskorblyon", umekiri kwamba kuna aliyetusiwa na kuna aliyetusi. Ukiandika "obidelsya", mzigo umeuegemeza kwa msikilizaji: yeye ndiye aliyenuna. Warusi wana methali kali juu ya watu wa namna hiyo, kwamba wenye kununa ndio wanaobebeshwa maji. Ukiandika kwamba kwake ilikuwa "obidno", umesema maumivu yalikuwepo na hukumtaja wa kulaumiwa. Kiswahili kinaweza kufanya yote matatu kwa viambishi vya kitenzi kimoja: amekwaza, amekwazwa, amekwazika. Kwa hiyo sikio letu linaweza kuzisikia tofauti hizi upesi kuliko la Mwingereza, na nafikiri mafunzo ya wafasiri wetu wa Kirusi yangepaswa kuanzia hapo badala ya kuanzia kwenye orodha za kamusi.

Yamebaki macho na masikio. Rangi mbaya ya ukuta ikisemwa kwa Kiingereza kwamba "offends the eye", Kirusi husema inakata jicho. Sauti mbaya nayo hukata sikio. "Obidet" halina nafasi hapo.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu nchini Urusi "oskorblenie", yaani tendo la kutusi, ni neno la kisheria. Kifungu cha 130 cha sheria ya jinai, kilichoadhibu kumtusi mtu binafsi, kilifutwa mwishoni mwa mwaka 2011, na kosa hilo likahamishiwa katika kifungu cha 5.61 cha sheria ya makosa ya kiutawala, ambako hulipiwa faini. Mwaka 2013, kufuatia kesi ya kundi la Pussy Riot lililoingia katika Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi mjini Moscow, kifungu cha 148 cha sheria ya jinai kiliandikwa upya ili kuadhibu matendo ya hadharani yenye lengo la kutusi hisia za waumini. Adhabu yake inafika mwaka mmoja gerezani, na miaka mitatu tendo likifanyika mahali pa ibada. Hakuna kifungu kinachoadhibu obida.

Kwa hiyo naiomba semina hii ipitishe pendekezo moja kwa wenzetu wanaofasiri barua za ubalozi, mikataba na ushahidi: mtu akisema kwa Kiingereza au kwa Kiswahili kwamba amekwazwa, msiandike "oskorbit" kabla ya kumwuliza mwenyewe ni nini hasa kilichofanyika.