Mali Bila Daftari: Juu ya Njia za Mkato na Makro katika Vitabu Vyetu

(Hotuba ya Katibu katika mkutano wa kuadhimisha miaka kumi ya Muungano)



Wasemaji walionitangulia wamekwisha kueleza habari za hisa na mikopo. Mimi nimepewa heshima ya kusema juu ya vidole vya karani, kwa maana kila shilingi ya mwanachama hupita chini ya vidole hivyo kabla haijaingia kitabuni. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tangu KNCU ilipoandikishwa kule Moshi mwaka 1933, kazi ya katibu wa ushirika imekuwa ni ile ile: kupokea, kuandika, kujumlisha na kuonyesha. Kilichobadilika ni chombo. Hapa kwetu Gerezani daftari limehamia katika kompyuta, ndani ya lahajedwali yenye safu na mistari. Lakini wengi wetu twaitumia kompyuta kama taipureta ya zamani. Kwa kila stakabadhi karani huandika tarehe ile ile, tawi lile lile, na kisha hukamata kipanya kutafuta mahali pa kubofya.

Tufanye hesabu ndogo. Ikiwa stakabadhi ni 200 kwa siku, na kila moja hupoteza sekunde 5, zimepotea sekunde 1,000, yaani zaidi ya dakika 16. Kwa siku 26 za kazi ni zaidi ya saa 7. Ni siku nzima ya mshahara, nayo ni fedha ya wanachama.

Dawa ya kwanza ni njia za mkato za kibodi. Katika programu ya Excel, kitufe cha Ctrl pamoja na nukta-mkato huandika tarehe ya leo. Ctrl pamoja na alama ya ritifaa hunakili kilichoandikwa katika kisanduku cha juu yake. Alt pamoja na alama ya usawa hujumlisha safu. Ctrl, Shift na L huweka kichujio, ukaona waliochelewa kulipa peke yao. Anayetumia hifadhidata ya Access atakuta kwamba zile mbili za kwanza hufanya kazi kama hiyo hiyo. Jifunzeni moja kwa juma, vidole vitazoea.

Dawa ya pili ni makro. Makro ni maagizo yaliyorekodiwa. Karani hubonyeza kitufe cha kurekodi, hufanya kazi yake ya mwisho wa mwezi hatua kwa hatua, kisha husimamisha. Mwezi ujao mashine hurudia hatua zile zile kwa dakika moja.

Mabibi na mabwana, hapa ndipo ninapoomba masikio yenu. Mwendeeni fundi bati yeyote wa mtaa huu mumtazame akikata mabati ya majiko kwa kigezo. Kigezo kikiwa sawa, majiko mia huwa sawa. Kigezo kikipinda, majiko mia hupinda, na fundi hajui mpaka mnunuzi alalamike. Makro ni kigezo.

Chukueni mfano. Makro imerekodiwa katika mwezi wenye mistari 180. Kama karani hakuagiza vinginevyo, mashine hushika visanduku vile vile alivyovigusa siku ile. Mwezi ufuatao mistari ni 195. Mashine hujumlisha 180 na kunyamaza. Wanachama 15 wamelipa, stakabadhi wanazo mkononi, lakini katika jumla hawamo. Mmoja wao akija dirishani kuomba mkopo ataambiwa kuwa hana akiba. Hakuna aliyeiba, walakini imani imekwisha kuvunjika.

Tena, Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Namba ya kitambulisho cha NIDA ina tarakimu 20. Ikiingizwa kama namba, tano za mwisho hugeuka kuwa sifuri. Namba ya simu nayo hupoteza sifuri yake ya mbele. Hapana budi safu hizo zipangwe kuwa maandishi kabla ya kuandika neno la kwanza. Na mjue ya kwamba kazi iliyofanywa na makro hairudishwi nyuma kwa Ctrl na Z, kama tulivyozoea.

Kwa hiyo napendekeza kanuni nne kwa vyama vyote vya Muungano.

Kwanza, asirekodi makro mtu asiyeweza kuifanya kazi hiyo kwa mkono.

Pili, nakala ya daftari iwekwe kando kabla ya makro kuendeshwa.

Tatu, jumla ya mashine ilinganishwe na jumla ya stakabadhi na hesabu ya benki, na mlinganishaji asiwe yule aliyeiendesha.

Nne, maelezo ya kila makro yaandikwe kwa Kiswahili chepesi na yatunzwe ofisini, ili katibu akihama, akiugua au akifariki, chama kisibaki gizani.

Makro iliyotoka kwa mtu msiyemjua msiifungue kabisa. Mwaka 1999 kirusi kiitwacho Melissa kilienea duniani ndani ya makro ya hati iliyotumwa kwa barua pepe. Na tangu mwaka 2022 Microsoft imeanza kuzizuia makro za mafaili yatokayo kwenye intaneti.

Makarani vijana wameniuliza kama mashine itawanyang'anya kazi. Jibu langu ni kwamba mashine haijui kwa nini mama muuza ndizi wa Kariakoo hakuleta marejesho mwezi huu. Saa 7 tutakazookoa ziwe za kumtafuta mama huyo na kumsikiliza kabla deni halijamlemea. Bodi ikikubali hivyo leo, faida itakuwa ya wanachama.

Muungano wetu udumu.